Povu Linasema Nini?

Mteja wa sabuni ya maji huitikisa chupa kabla ya kuuliza bei. Povu likipanda na kukaa, anafungua pochi. Likipanda na kuporomoka, chupa inarudi mezani. Ndiyo maana mafundi wanaotengeneza sabuni majumbani hutia kwenye pipa kimiminika kizito cha rangi ya asali kiitwacho CDE, kinachouzwa kwa lita kwenye maduka ya malighafi pamoja na salfoniki na slesi, ambazo ndizo zinazoosha, magadi soda, rangi na manukato. Kazi yake kila fundi anaijua: sabuni inakuwa nzito na povu linadumu. Jinsi inavyoifanya kazi hiyo ndiyo inayobishaniwa hapa, pamoja na swali jingine ambalo kwangu ni kubwa zaidi: povu hilo likiwa na gharama isiyoandikwa kwenye risiti, nani anailipa?

Nimeupanga mjadala huu kwa sauti tatu. Sauti zenyewe ni za kubuni, hoja si za kubuni. Fundi ni mama anayetengeneza sabuni nyumbani na kuiuza mtaani. Mkemia ni mwalimu wa chuo, mwenye umri wa kuwa mwanawe. Muuguzi amekaa miaka mingi kliniki ya ngozi. Mimi nitaingilia pale nitakapoona hoja inahitaji kukazwa.

FUNDI: Nianze mimi, maana wataalamu mnapenda kutuita mkiwa mmeshaamua. Sabuni isiyo na povu haiuziki. Niliwahi kuipunguza CDE, wateja wakanirudishia chupa wakidai nimechanganya maji. Kwa hiyo mkija kuniambia povu si usafi, kawaambieni wao.

MKEMIA: Shikamoo, mama.

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Sema.

MKEMIA: Sikuja kulidharau povu. Povu ni hewa iliyogawanywa vyumba vyumba, na kuta za vyumba hivyo ni maji. Kila ukuta una nyuso mbili, moja inatazama hewa ya huku, nyingine hewa ya kule, na katikati kuna maji membamba. Maji matupu hayawezi kusimama hivyo. Uso wake unajivuta kwa nguvu ya milinyutoni 72 kwa kila mita katika nyuzi joto 25, na ukuta wowote unaojaribu kutanda unakatika papo hapo. Ukitia safaktanti, yaani molekuli zenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, mvutano huo unashuka hadi kwenye 30 hivi. Lakini kushuka kwa mvutano peke yake hakutoshi. Zipo safaktanti zinazoushusha vizuri sana na povu lake halimalizi hata dakika.

FUNDI: Hapo ndipo CDE inapoingia.

MKEMIA: Ndipo hapo. Ila kwanza tuuone huo ukuta wenyewe. Chukua waya, uupinde uwe pete ya ukubwa wa bangili. Ichovye kwenye sabuni yako iliyochanganywa na maji, kisha iinue wima mbele ya kitambaa cheusi, dirisha likiwa nyuma yako. Mwanzoni huoni kitu. Baada ya muda mfupi zinatokea rangi, mistari ya waridi na kijani iliyolala, inashuka polepole kwa sababu maji yanachuruzika kwenda chini na sehemu ya juu inazidi kuwa nyembamba. Kisha juu panageuka peupe kama fedha. Mwisho panakuwa peusi, weusi wenye ukingo mkali kana kwamba umekatwa kwa wembe.

FUNDI: Hapo imeshatoboka.

MKEMIA: Haijatoboka. Ukuta bado upo, ila umekuwa mwembamba kuliko mwanga unavyoweza kuuonyesha. Mwanga unaorudi kutoka uso wa mbele na ule unaorudi kutoka uso wa nyuma unafutana, hakuna unaolifikia jicho. Sehemu hiyo nyeusi ina unene wa makumi machache ya nanomita, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ipo hatua nyembamba zaidi, ya nanomita tano hivi, ambapo molekuli za uso mmoja karibu zinagusana na za uso wa pili, maji yaliyobaki katikati ni kiduchu. Sasa fanya mara mbili: sabuni isiyo na CDE, kisha yenye CDE. Kwenye ile ya kwanza utaona rangi zinazungukazunguka na kupanda pembeni mwa pete, na weusi unakuja haraka. Kwenye ya pili mistari inashuka taratibu, imetulia. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni nyuso zinazoyashika.

Jaribio hili ninaliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu linahitaji waya na kitambaa, na kwa sababu elimu yenyewe ya utando juu ya maji ilizaliwa jikoni. Benjamin Franklin ndiye hutajwa kwanza: mwaka 1774 ilichapishwa ripoti yake kwamba kijiko cha chai cha mafuta, kikimwagwa kwenye dimbwi la Clapham, London, kilituliza mawimbi kwenye eneo linalokaribia nusu eka. Fundi yeyote anaweza kupiga hesabu hiyo. Nusu eka ni kama mita za mraba 2,000. Gawanya mililita mbili hadi tano za mafuta kwa eneo hilo, utapata unene wa nanomita moja hadi mbili na nusu, ambao ni unene wa molekuli moja. Franklin mwenyewe hakuipiga hesabu hiyo.

Aliyeifanya elimu hii iwe ya kupimika ni Agnes Pockels wa Braunschweig, Ujerumani. Hakupelekwa chuo kikuu, kwa kuwa wanawake wa zama zake hawakuruhusiwa. Alikuwa nyumbani akiwauguza wazazi na kuosha vyombo, na alikuwa na umri wa karibu miaka ishirini alipoanza kupima maji machafu ya jikoni. Alichukua beseni la bati, akalijaza maji hadi ukingoni, akaweka juu yake ukanda wa bati unaoweza kusogezwa, akawa anaubana uso wa maji na kuulegeza huku akipima nguvu ya kunyanyua kitufe kidogo kutoka usoni. Akagundua kwamba utando wa mafuta unaweza kubanwa bila mvutano kubadilika, mpaka unapofika kipimo fulani, ghafla unaanza kubadilika. Molekuli zimegusana. Januari 1891 alimwandikia barua Lord Rayleigh wa Uingereza, na Rayleigh, kwa uungwana ambao hautajwi vya kutosha, akaipeleka kwa jarida la Nature, likaichapisha Machi mwaka huo huo. Irving Langmuir aliliboresha beseni hilo na mwaka 1917 akaonyesha kwamba tindikali za mafuta, ziwe na mkia mrefu au mfupi zaidi, kila molekuli huchukua eneo lile lile juu ya maji, takriban nanomita 0.2 za mraba. Maana yake zinasimama wima, kichwa majini, mkia hewani. Mwaka 1932 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Beseni hilo leo linaitwa kwa jina lake. Ningependa lingeitwa kwa jina la Pockels.

FUNDI: Mwalimu, bado hujasema CDE ina nini ambacho slesi haina.

MKEMIA: Ina amaidi. Hilo ni kundi dogo la atomi: kaboni iliyoshikana na oksijeni upande mmoja na naitrojeni upande mwingine. Ndilo linalounganisha amino asidi ndani ya protini, kwa hiyo limo kwenye maharage, limo kwenye misuli yako. Oksijeni yake hubeba chaji hasi kidogo. Naitrojeni ikiwa na haidrojeni, haidrojeni hiyo hubeba chaji chanya kidogo. Sasa zisimamishe molekuli za namna hiyo juu ya maji, uzibane kwa ukanda wa Pockels. Oksijeni ya mmoja inaivuta haidrojeni ya jirani, jirani naye anamvuta wa pembeni yake, na safu inajipanga kwa hatua ya karibu nusu nanomita. Tindikali ya mafuta ya kawaida inategemea zaidi mikia yake kukaa pamoja. Amaidi inaongeza mshiko wa pili, wa vichwa. Ndiyo maana utando wake unaweza kuwa mgumu, kama ngozi juu ya maji.

FUNDI: Kwa hiyo CDE inashikana hivyo kwenye povu langu.

MKEMIA: Hapana, mama. Na hapa ndipo wengi tunapoteleza. Tukishasema amaidi tunadhani zote zinafanana. Naitrojeni ya CDE imebeba vijitawi viwili vya ethanoli, na vimechukua nafasi zote mbili. Haikubaki na haidrojeni hata moja. Oksijeni yake inaweza kuvuta, lakini naitrojeni haina cha kuvutwa. Mshiko wowote wa vichwa unapitia kwenye ncha za vile vijitawi, ambako kuna oksijeni na haidrojeni, na huko unashindana na maji yenyewe. Ushahidi unauona dukani. CDE inamiminika. Ndugu yake wa karibu, monoethanolamaidi, ambaye naitrojeni yake ilibaki na haidrojeni moja, huja kama vipande vya nta. Mkia ni ule ule wa mafuta ya nazi. Haidrojeni moja ndiyo iliyogeuza kimiminika kuwa nta.

FUNDI: Basi umenipoteza. Kama haishikani, povu langu linadumu kwa nini?

Swali hili ndilo lililonifanya niuandike mjadala huu. Maelezo yanayosikika mara nyingi, kwamba amaidi "huimarisha povu kwa bondi za haidrojeni", ni ya kweli kwa baadhi ya amaidi, na kwa CDE ni nusu ya kweli. Nusu iliyobaki ina kazi kubwa zaidi.

MKEMIA: Linadumu kwa sababu ya wengine waliomo. Salfoniki ukishaitia magadi soda au kostiki, inakuwa chumvi yenye kichwa cha chaji hasi. Slesi nayo ni hasi. Vichwa vyote hasi vinasukumana, kwa hiyo kwenye uso wa ukuta wa povu vinakaa mbalimbali na kuacha mapengo. Ni kama kiti cha daladala walichokaa watu wawili wasioelewana: kila mmoja kajibana pembeni, katikati patupu. CDE haina chaji. Inaingia katikati, hakuna anayeisukuma, na wale wawili hawaonani tena moja kwa moja. Uso unajaa. Uso uliojaa una mnato, hauteleziki ovyo, kwa hiyo maji ya katikati yanachelewa kuchuruzika. Karol Mysels, Kozo Shinoda na Stanley Frankel waliandika kitabu kizima kuhusu utando wa sabuni mwaka 1959, wakatofautisha utando unaotiririka na utando uliokakamaa. Alkoholi yenye mkia wa kaboni 12, ikitiwa kidogo tu kwenye sabuni yenye chaji, inaugeuza utando wa kwanza kuwa wa pili. Na alkoholi hiyo haina amaidi kabisa.

FUNDI: Na chumvi? Nikitia chumvi sabuni inakuwa nzito, nikizidisha inarudi kuwa kama maji.

MKEMIA: Ni jambo hilo hilo, ila ndani ya pipa badala ya usoni. Humo molekuli zinajikusanya vifurushi viitwavyo miseli. Chumvi inapunguza msukumano wa vichwa, vifurushi vya mviringo vinarefuka kama minyoo, vinasokotana, sabuni inakuwa nzito. Ukizidisha, msokoto huo unavunjika. CDE inasaidia urefukaji huo, kwa hiyo ukiwa na CDE unahitaji chumvi pungufu.

FUNDI: Hilo nalijua kwa mwiko.

MUUGUZI: Naomba niingie, maana mnazungumza kana kwamba sabuni inaishia kwenye pete ya waya. Inaishia mikononi mwa watu. Kliniki tunawaona madobi, wapishi, mama lishe, wasichana wa kazi. Mikono imekauka, imepasuka kati ya vidole, inawasha usiku. Mwalimu ametaja amaidi zinazoshikana vizuri. Je, amesema ziko wapi?

MKEMIA: Bado, dada.

MUUGUZI: Ziko kwenye ngozi. Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kwa seli zilizokufa, na katikati yake kuna mafuta maalumu, karibu nusu ya uzito wake ni seramaidi. Seramaidi ni amaidi yenye mikia miwili, na naitrojeni yake haikunyang'anywa haidrojeni. Zikikaa pamoja na kolesteroli na tindikali za mafuta, zinafunga kiasi kwamba maji ya mwili hayatoki hovyo na uchafu wa nje hauingii hovyo. Sasa mtu anazamisha mikono kwenye beseni la sabuni kuanzia asubuhi. Salfoniki na slesi hazijui tofauti kati ya mafuta ya sufuria na mafuta ya ngozi.

MKEMIA: Ni kweli. Na seramaidi ukiitandaza juu ya maji kwenye beseni la Langmuir, utando wake ni mgumu kuliko wa lipidi nyingi za mwili. Kwa hilo naungana nawe. Ila hapo mkosaji ni wale wenye chaji. CDE ikichanganywa nao kwa kawaida inawapunguzia ukali, si kuwaongezea.

MUUGUZI: Kwa mkauko, nakubali. Lakini CDE ina shauri lake. Inatengenezwa kwa kuchemsha mafuta ya nazi na daiethanolamini. Njia ya zamani, iliyosajiliwa kwa hataza ya Wolf Kritchevsky huko Marekani mwaka 1937, ilitia daiethanolamini mara mbili ya inayohitajika, kwa hiyo sehemu kubwa ilibaki huru ndani ya bidhaa. Mwaka 2001 Mpango wa Taifa wa Toksikolojia wa Marekani ulitoa matokeo ya panya waliopakwa CDE kwenye ngozi kwa miaka miwili. Panya wa aina ndogo walipata uvimbe wa ini, na madume yao uvimbe wa figo pia. CDE iliyotumika ilikuwa na daiethanolamini huru karibu asilimia 18. Mwaka 2011 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, wakaiweka CDE kwenye kundi la 2B, yaani huenda inaweza kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka uliofuata jimbo la California likaiingiza kwenye orodha yake ya kemikali zinazohitaji onyo.

FUNDI: Dada, unaniambia nimekuwa nikiuza saratani?

MUUGUZI: Sisemi hivyo, mama yangu.

MKEMIA: Na haifai isemwe hivyo. Kundi la 2B linapima kama kitu kina uwezo wa kudhuru. Halipimi ni kiasi gani cha madhara kinamfika mtu anayeosha vyombo na kusuuza mikono. Ushahidi ulitoka kwa wanyama, wa binadamu haukuwepo. Tena ripoti ile ya 2001 yenyewe ilihusisha uvimbe na ile daiethanolamini iliyobaki huru. Amaidi haikulaumiwa. Aina nyingine zilizokuwa na daiethanolamini kidogo zilionyesha madhara machache zaidi.

MUUGUZI: Basi ndiyo hoja yangu! Kama tatizo ni kilichobaki huru, niambie, kwenye dumu analonunua mama huyu kimebaki kiasi gani?

MKEMIA: Sijui.

MUUGUZI: Naye hajui. Na anayemuuzia huenda hajui. Umoja wa Ulaya unaruhusu amaidi za namna hii kwenye vipodozi, lakini kwa masharti: amini za aina ya daiethanolamini zisizidi asilimia 0.5, naitrosamini zisizidi mikrogramu 50 kwa kilo, na malighafi itunzwe kwenye vyombo visivyo na naitraiti. Sharti la mwisho lina sababu. Daiethanolamini ikikutana na naitraiti inaweza kuzaa naitrosamini, na hiyo ni hatari kuliko daiethanolamini yenyewe. Sasa tazama pipa la fundi wetu. Dawa ya kuzuia sabuni isioze anainunua wapi? Zipo zinazotoa naitraiti zikivunjika, bronopoli mojawapo.

FUNDI: Mimi natia fomalini.

MUUGUZI: Hiyo IARC imeiweka kundi la kwanza, la vile vilivyothibitika. Hiyo tuiache leo leo, bila mjadala.

Kwa upande wangu, Muuguzi ameshinda hapa, ingawa Mkemia hakukosea hata neno. Kusema kwamba hatari iko kwenye kilichobaki huru na haiko kwenye amaidi ni kweli kikemia, na kunampa faraja mtu mwenye maabara. Kwa mtu anayenunua lita moja iliyomiminwa kutoka pipa kubwa hadi chupa ya maji ya kunywa, isiyo na lebo, ukweli huo haumsaidii kitu. Tanzania ina Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na tangu 2019 vipodozi viko mikononi mwa Shirika la Viwango. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, nayo hufundisha utengenezaji wa sabuni. Zote hizo zikiwepo, mzigo wa kujua asilimia ya daiethanolamini ungepaswa kuanzia kwa mwagizaji anayeshusha mapipa bandarini. Tumeuacha umfikie mama wa mtaani, ambaye hakuambiwa hata kwamba upo.

FUNDI: Sasa nisikilizeni na mimi. Mmesema povu si usafi. Nawauliza: mnapoosha vyombo vya ubwabwa na nyama, mnajuaje sabuni imechoka?

MKEMIA: Povu linapotea.

FUNDI: Linapotea, na sahani inayofuata inabaki na mafuta. Kwa hiyo povu linanieleza kitu. Msiseme ni mapambo.

MKEMIA: Hapo umenishika, mama, na kwenye viwanda wanapima hivyo hivyo: wanahesabu sahani zenye mafuta mpaka povu liishe. Mafuta yanazivuta safaktanti kutoka kwenye kuta za povu, kuta zinakatika. Povu likiwepo, bado kuna safaktanti huru ya kufanya kazi. Ila angalia upande wa pili. CDE inalisaidia povu kustahimili mafuta. Ukiitia kwa wingi, povu linaweza kubaki limesimama wakati nguvu ya kuosha imeshapungua. Kile kipimo chako unakiharibu mwenyewe.

FUNDI: Kwa hiyo CDE nyingi inamdanganya mwoshaji.

MKEMIA: Inaweza. Asilimia moja hadi tatu ya pipa ndiyo kawaida. Zaidi ya hapo hujazi tena mapengo usoni, maana yameshajaa. Unanunua uzito wa sabuni ambao ungeupata kwa chumvi ya bei rahisi.

FUNDI: Na yule ndugu yake wa nta, mwenye haidrojeni yake moja?

MUUGUZI: Huyo kwangu ni afadhali. Anatengenezwa kwa monoethanolamini, ambayo haizai naitrosamini imara kama daiethanolamini.

MKEMIA: Na kwenye povu anafanya kazi vizuri sana, kwa kuwa anajaza mapengo na pia anashikana na wenzake. Tatizo ni kumyeyusha. Huwezi kumtupa kwenye maji baridi ukakoroga. Unahitaji maji ya moto, nyuzi 70 hivi, umyeyushe pamoja na sehemu ya slesi kwanza, kisha ndipo umwingize kwenye pipa.

FUNDI: Nyuzi 70 ni mkaa, mwanangu. CDE namimina tu.

MKEMIA: Ipo pia betaini ya nazi, nayo ina amaidi yenye haidrojeni, na haihitaji moto.

MUUGUZI: Hiyo mwaka 2004 madaktari wa ngozi wa Marekani waliitangaza kuwa kizio, yaani kisababisha mzio, cha mwaka. Wengi inawafaa, lakini mabaki ya utengenezaji wake yanawasumbua baadhi ya watu. Tunarudi kule kule, kwenye mabaki.

MKEMIA: Tunarudi kule kule, ndiyo. Molekuli tunayoitaja kwa jina inafanya kazi nzuri, na ile iliyosafiri nayo ndani ya dumu bila kutajwa ndiyo inayotuletea ugomvi. Mama, ukienda dukani omba cheti cha uchambuzi cha shehena hiyo. Tafuta mstari wa amini huru. Ikiwa chini ya asilimia moja nitalala, ikiwa chini ya nusu nitalala vizuri.

FUNDI: Akisema hana?

MKEMIA: Mwambie amwulize aliyemuuzia. Mafundi kumi wakiuliza swali moja wiki moja, cheti kitapatikana.

FUNDI: Wewe hujawahi kumdai muuza duka kitu ambacho hajawahi kudaiwa. Atanitazama kama nimemtukana. Lakini nitauliza. Na yule wa nta nitamyeyusha kwa pipa la sabuni ya kunawia mikono tu, kwa kuwa hiyo inagusa ngozi kila siku, na bei yake inaweza kubeba mkaa. Sabuni ya vyombo itabaki na CDE, nusu ya ninayotia sasa, mpaka hicho cheti kije.

MUUGUZI: Ya vyombo ndiyo inayokaa mikononi muda mrefu zaidi. Mama lishe hanawi saa nne mfululizo, anaosha.

FUNDI: Na mama lishe ndiye asiyeweza kununua kwa bei ya mkaa. Nipatie jibu la hilo, dada, nami nitabadilisha mapipa yote mawili kesho.